Kabla ya kukagua nyumba, mkague anayeiuza

Ukipita Goba, Kinyerezi au Kigamboni utakutana na kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Wageni wa jiji hucheka na kupiga picha. Mwenye nyumba hakuwa anatania. Mara nyingi ameandika baada ya kurudi safari na kumkuta mtu asiyemjua anapima dirisha la sebule kwa futikamba, amekuja kuangalia "nyumba yake mpya" aliyouziwa na mpangaji, au na mtoto wa ndugu aliyeachiwa funguo.

Mimi ni wakili Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mikataba ya nyumba na viwanja. Wateja wakifika ofisini hunionyesha picha kwenye simu: vigae, dari ya jipsamu, kisima, nafasi ya magari matatu. Naziangalia kwa adabu, kisha nauliza: huyu anayeuza ni nani, na nyumba aliipataje? Wengi hawana jibu. Wamekagua bomba la jikoni, hawajamkagua muuzaji. Bomba likivuja fundi atalirekebisha kwa elfu thelathini. Muuzaji akiwa na walakini unaweza kukaa mahakamani hadi mwanao amalize chuo.

Kama nyumba ina hati, kazi ya kwanza ni upekuzi. Unachukua nakala ya hati, unaomba upekuzi ofisi ya ardhi, unalipia kwa namba ya malipo, na unapata majibu kwa maandishi: jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani, kama kuna zuio. Hati ya karatasi inaweza kughushiwa vizuri kuliko halisi. Nimeshaona moja iliyopendeza kuliko yangu. Daftari la Msajili wa Hati ndilo la kuamini. Omba upekuzi mwenyewe au kupitia wakili wako, usipokee majibu ambayo muuzaji "ameshakufanyia" ili kukupunguzia usumbufu. Na ufanye mara mbili: kabla ya kutoa malipo ya awali, halafu tena siku chache kabla ya kumalizia. Katikati hapo mtu anaweza kuchukua mkopo benki kwa nyumba hiyo hiyo aliyokwisha kukuuzia nusu.

Usiikimbie nyumba kwa sababu tu ina rehani. Unaomba barua ya benki inayotaja deni lililobaki, sehemu ya bei inalipwa moja kwa moja benki, na hati inatoka benki kuja kwa wakili bila kupita mikononi mwa muuzaji. Nimefanya hivyo mara nyingi. Ninaowakimbia ni wale wanaosema, "Nipe kwanza hela nikaikomboe hati, nitakuletea."

Halafu kuna ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanandoa haruhusiwi kuuza, kuweka rehani wala kugawa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Watu wanalijua hili, ndiyo maana wamejifunza kuleta mke.

Nitakiri jambo. Miaka yangu ya mwanzo kazini alikuja bwana mmoja na mama aliyevaa vizuri, mpole, akasaini fomu ya ridhaa mbele yangu huku akisema "mume wangu" kila baada ya sentensi mbili. Mteja wangu akalipa malipo ya awali. Wiki mbili baadaye akaingia mama mwingine, hakuwa mpole hata kidogo, na cheti cha ndoa mkononi. Yule wa kwanza alikuwa binamu. Mauzo yalikufa, na ilituchukua muda mrefu kurudishiwa pesa. Kosa lilikuwa langu: nilitazama sahihi, sikumtazama aliyesaini. Siku hizi nadai cheti cha ndoa na kitambulisho cha taifa, kisha namwomba mwenzi wa muuzaji tukae wawili, dakika kumi, mume akisubiri nje. Namuuliza chumba cha watoto kiko upande gani na umeme wa LUKU wananunua wa shilingi ngapi kwa mwezi. Mwenye nyumba anajua. Na muuzaji akiwa na wake wawili, nauliza yupi anaishi katika nyumba hii, kisha naenda kumwona huko huko anakoishi.

Mirathi ndiyo inayonipa wateja wengi zaidi wanaolia. Kijana anakuja na hati yenye jina la marehemu baba, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliojaa sahihi za wajomba na mashangazi: "Tumemteua kaka mkubwa auze." Kikao cha ukoo kinapendekeza tu, anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Bila barua ya usimamizi kutoka mahakamani, kaka mkubwa hana cha kuuza, hata awe amewalea wadogo zake wote. Hata akiwa na barua hiyo, bado nataka kuwasikia warithi wengine. Siku moja Tabata tulikuwa tumeketi sebuleni na karatasi zote zimekamilika, nikauliza tu kwa mazoea, "Na Mama anaishi wapi sasa?" Msimamizi akasita. "Yupo chumba cha nyuma." Tukaomba kumsalimu. Bibi yule hakuwa na habari kwamba nyumba inauzwa. Tulikunywa chai yake, tukaaga, na mteja wangu akanunua nyumba nyingine Segerea.

Nyumba nyingi za jiji letu hazina hati, ziko katika maeneo yasiyopimwa. Kuzinunua si uwendawazimu, ila ujue unanunua nini. Ushahidi wako utakuwa mkataba wa mauziano na mlolongo wa mikataba ya nyuma: aliyekuuzia alinunua kwa nani, na huyo kwa nani. Mlolongo ukikatika, simama. Waite majirani wa pande zote waonyeshe mipaka na wasaini kama mashahidi. Uliza kama mtaa umeshafanyiwa urasimishaji, yaani kupimwa na kutambuliwa rasmi, na kipande hicho kimeandikwa jina la nani katika orodha, kwa sababu kuna wanaouza nyumba leo huku hati inayokuja ikiwa na jina la mtu mwingine. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni mashahidi wazuri wa kujua nani ni nani. Lakini ile asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya ofisi huidai ili kugonga muhuri, waombe wakuonyeshe sheria inayoitaja, na risiti. Mazungumzo huwa mafupi baada ya hapo.

Mahali penyewe: nenda mvua ikinyesha. Waliohamishwa bonde la Msimbazi kwenda Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walikuwa na nyumba, si vibanda. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Kando ya barabara kuu, uliza TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, hifadhi ya barabara inaishia wapi. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 wangekueleza maana ya alama ya X vizuri kuliko mimi. Na kwa kiwanja kilichopimwa, lipa mpima atafute bikoni, yale mawe ya mpaka. Milki pandikizi, yaani kiwanja kimoja chenye wamiliki wawili kila mmoja na barua yake, bado zipo.

Sasa pesa, ambako wauzaji na wanunuzi hudanganyana kwa tabasamu.

Dalali ana haki ya kulipwa. Tatizo ni cha juu. Muuzaji anataka milioni 150, dalali anamwambia mnunuzi 175, halafu anapigana kufa na kupona msikutane. Nikiona dalali anayetaka pande mbili zisaini siku tofauti, najua kuna cha juu. Kutaneni, semeni bei mbele ya mwenzenu, na ujira wa dalali uandikwe. Muuzaji, usiwape madalali saba nyumba moja: itatangazwa kwa bei saba, na mnunuzi makini akiona hivyo atadhani ni utapeli. Na hati halisi usimpe dalali hata "kwa nusu saa tu nikamwonyeshe mteja".

Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, na kisheria ni mzigo wa muuzaji. Mtaani muuzaji husema, "Mimi nataka hela yangu safi," maana yake kodi ulipe wewe. Mnaweza kukubaliana hivyo, lakini iandikwe, kwa sababu bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba kodi imelipwa, uhamisho hausajiliwi. Chukua mfano: ulinunua kiwanja kwa milioni 40, ukajenga kwa milioni 60, unauza milioni 180. Faida ni milioni 80, kodi milioni 8. Ndiyo maana nawaambia wanaojenga watunze risiti za saruji, nondo na mabati kama wanavyotunza vyeti vya shule. Kama ni makazi yako uliyoyamiliki na kuishi humo angalau miaka 3, na faida haizidi milioni 15, kuna msamaha; uulizie kabla hujalipa.

Hapo ndipo linapokuja pendekezo la "tuandike milioni 80 kwenye mkataba", badala ya 180. Linapendwa sana. Kwanza ni kosa la jinai, na mthamini wa serikali ana makadirio yake. Lakini hata asiyeogopa sheria apige hesabu. Mauzo yakivunjika, unadai kurudishiwa kiasi gani? Kilichoandikwa. Milioni 100 ulizolipa pembeni zitakuwa neno lako dhidi ya lake. Na ukija kuuza kwa 200, gharama yako kwenye makaratasi ni 80, kwa hiyo kodi aliyoikwepa mwenzako unailipa wewe. Muuzaji anapata faida mara moja, mnunuzi anabeba hatari miaka yote. Nashangaa wanunuzi ndio huwa wa kwanza kuitikia.

Malipo yapite benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati. Si ya shemeji, si ya dalali. Bakiza kiasi cha maana hadi fomu za uhamisho zisainiwe na hati halisi iwe kwa wakili. Nyumba ikiwa na wapangaji, soma mikataba yao: kama wamelipa kodi ya mwaka mzima mbele, pesa hiyo ikatwe kwenye bei, kwani huwezi kuwatoa kwa sababu tu nyumba imebadili mwenyewe. Dai risiti za kodi ya pango la ardhi. Malimbikizo yake yatakukwamisha wakati wa uhamisho. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, hivyo haisumbui sana, lakini bili ya maji iangalie.

Usajili ukikamilika, omba upekuzi wa tatu uone jina lako kwa macho yako. Ndipo umwite fundi abadilishe vitasa vyote, na cha geti la nyuma pia. Wengi hukisahau.