Klasi na objekti: data inakaa wapi hasa?

Wengi wanaojifunza programu wakifika kwenye klasi (ramani ya kutengenezea vitu) na objekti (kitu chenyewe kilichotengenezwa kwa ramani hiyo) wanakwama, na mimi naona tatizo ni mifano wanayopewa. Unaambiwa mbwa ni klasi, mbwa fulani anayeitwa Simba ni objekti, anabweka, basi. Unaitikia kwa kichwa, halafu ukikaa kuandika programu yako mwenyewe hujui huyo mbwa anaingia wapi. Tuchukue kitu ambacho programu zinafanya kweli kila siku, akaunti za pesa za simu.

Tuseme unaandika kwa lugha ya Python. Mteja akiwa mmoja ni rahisi, unaweka variabo (jina la kutunzia thamani) inaitwa salio, kazi imeisha. Akija wa pili unaandika salio_asha na salio_juma, wakifika elfu unaona haiwezekani, unatengeneza listi mbili, moja ya majina na moja ya salio, halafu siku moja unafuta mtu kwenye listi ya majina unasahau kumfuta kwenye ile nyingine, hapo hela ya huyu imeshasomeka kwa yule na programu haikuambii kitu. Na kuna baya zaidi, popote kwenye programu mtu anaweza kuandika salio = salio - 50000 hata kama ndani mna 3000 tu, hakuna wa kumzuia. Data iko huku, fanksheni (vipande vya kodi) za kuishughulikia ziko kule. Klasi inakuja kuziweka pamoja:

class Akaunti:
    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina
        self.salio = 0

    def weka(self, kiasi):
        self.salio += kiasi

    def toa(self, kiasi):
        if kiasi > self.salio:
            return False
        self.salio -= kiasi
        return True

Hapo bado hakuna akaunti hata moja, na hili ndilo watu wanalipita haraka sana. Python imesoma tu kwamba akaunti ikifunguliwa itakuwa na jina na salio, na itajua kuweka na kutoa. Hela ya mtu yeyote haipo humo. Akaunti zenyewe zinazaliwa hapa, na kila moja ikizaliwa Python inaendesha __init__ kuipa jina na salio la kuanzia:

asha = Akaunti("Asha")
juma = Akaunti("Juma")
asha.weka(20000)

Sasa tuna objekti mbili, kila moja na sehemu yake kwenye memori. Asha ana 20000, Juma ana sifuri. Metodi (fanksheni iliyo ndani ya klasi) ya weka imeandikwa mara moja na wote wanaitumia, lakini salio kila mtu na lake. Ukijaribu asha.toa(50000) unajibiwa False na salio linabaki vilevile, kwa sababu ukaguzi uko palepale data ilipo. Ila tuseme ukweli, Python haimzuii mtu kuandika asha.salio = -5 moja kwa moja, hapo unategemea nidhamu ya wenzako. Lugha kama Java ndiyo inakuwezesha kufunga, ukiandika private mbele ya salio mtu wa nje ya klasi haligusi.

Hiyo self inasumbua wengi bure. Ukiandika asha.weka(20000) ni sawa na kuandika Akaunti.weka(asha, 20000), yaani self ni ile akaunti iliyoitwa wakati huo. Ukimwita juma, self ni juma. Hakuna zaidi ya hapo.

Sasa kuna mitego miwili. Wa kwanza, ukiandika nyingine = asha hujafungua akaunti mpya, umeipa akaunti ileile jina la pili, kwa hiyo nyingine.weka(5000) inapandisha salio la Asha hadi 25000. Objekti mpya inapatikana ukiita Akaunti tena. Wa pili ni mchungu zaidi. Mtu anataka kutunza miamala, anaandika miamala = [] juu kabisa ndani ya klasi, nje ya __init__. Hiyo listi ni ya klasi, iko moja tu, Asha akiongeza muamala kwa append utauona kwa Juma pia na kwa kila mteja. Iweke ndani ya __init__ kama self.miamala = [] na kila akaunti itapata listi yake. Ukishaelewa kwa nini, umeshaelewa tofauti ya klasi na objekti vizuri kuliko fasili yoyote utakayokariri.

Wazo hili lilitoka Norway miaka ya 60. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, pale Oslo, walikuwa wanataka kuigiza kwenye kompyuta mifumo yenye vitu vingi vinavyokwenda kwa pamoja, kila kimoja na hali yake, ndipo wakatengeneza lugha ya Simula 67 iliyokuwa na klasi, objekti na hata urithi, yaani klasi moja kujengwa juu ya nyingine. Mtaalamu wa kompyuta Bjarne Stroustrup aliitumia Simula akiwa Cambridge, na mwaka 1979 akaanza kuingiza klasi kwenye lugha ya C, kazi iliyokuja kuitwa C++. Java ikatoka 1995. Dahl na Nygaard walipewa tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani ya kompyuta, ya 2001 kwa kazi hiyo, na walistahili kabisa.

Halafu jua kwamba umekuwa ukitumia objekti tangu siku ya kwanza. Andika type(5) kwenye Python, utajibiwa ni klasi ya int, yaani namba nzima. Ukiandika "asha".upper() umeita metodi ya objekti ya maandishi.

Ila usianze kugeuza kila kitu kuwa klasi. Kama hakuna hali ya kutunza kati ya wito mmoja na mwingine, mfano unakokotoa makato ya muamala mmoja tu na unarudisha jibu, fanksheni ya kawaida inatosha na inasomeka vizuri zaidi. Klasi yenye __init__ na metodi moja tu, mara nyingi ilikuwa fanksheni tangu mwanzo.