Ruzuku ya mbolea: mbona kwangu haijaingia hata mia?

Kwenye semina moja pale Ilala, mzee mmoja mkazi wa Kitunda, mwenye shamba la mahindi Kilosa, alininyooshea mkono kabla sijamaliza utangulizi. "Mwanangu, kila msimu nasikia serikali imetoa mabilioni ya ruzuku. Mbona kwangu haijaingia hata mia?" Watu wakacheka. Mimi nikaiacha mada niliyoiandaa, maana swali lake lilikuwa na uzito zaidi.

Haijaingia kwa sababu hailipwi kwa mkulima. Ruzuku iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan kwenye Nane Nane ya Mbeya mwaka 2022 hulipwa kwa kampuni iliyoleta mbolea. Wakati ule korona na vita vya Ukraine vilikuwa vimeipandisha bei dunia nzima, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukafika takriban shilingi 130,000. Mkulima akawekewa bei ya 70,000. Zile 60,000 zilizobaki ni deni la serikali kwa kampuni, na hulipwa mfumo ukionyesha mfuko umenunuliwa na mkulima aliyesajiliwa.

Ndiyo maana ile namba ya usajili unayotumiwa kwenye simu si ya mapambo. Dukani, wakala huiingiza kwenye mfumo, mfuko unahesabika kwako, na mgao wako, unaotokana na ekari ulizoandikisha, unapungua. Namba yako ndiyo inayoifungua hazina.

Tulikotoka palikuwa na vocha, karatasi za kuchukulia pembejeo kwa bei nafuu, kuanzia msimu wa 2008/2009. Kaya ilipata ya kutosha ekari moja: mbolea ya kupandia, ya kukuzia na mbegu, serikali ikichangia karibu nusu ya bei. Baadhi ya watu waliweka dole gumba kwenye vocha, wakapokea elfu chache, mbolea ikaenda kusikojulikana. Mfumo wa sasa uliletwa kuziba mwanya huo. Umeziba kiasi. Namba nayo huazimwa.

Yule mzee, tulipokaa pembeni, alitoa daftari dogo lenye namba za simu za mafundi na wajukuu, na katikati yake namba ya ruzuku. Aliwahi kumsomea mpwa wake namba hiyo kwa simu "aniangalizie kama mbolea imefika". Mzee alipopanda basi pale Mbezi na kufika Kilosa, wakala akamwambia mgao wake umekwisha. Mifuko minane. Piga hesabu kwa bei zile za 2022: shilingi 480,000 za umma zimelipwa kwa jina lake, na mahindi yake yamekaa manjano.

Nyinyi mnaoishi Dar na kulima mkoani, jisajilini kwenye ofisi ya kijiji shamba lilipo, si kwa mtendaji wa mtaa wako huku Mbagala. Kila msimu sasisha taarifa zako. Ukiongeza shamba au ukiacha kulima zao fulani, sema. Ekari usizikadirie ukiwa kwenye kochi. Hatua 70 kwa 70 ndiyo ekari yetu ya kijijini, na shamba linapimwa kwa kulitembea. Najua wapo wanaoandikisha ekari nne kuwa kumi wakidhani ni ujanja. Mifuko ya ekari sita zisizokuwepo haipotei hewani. Mingine hukamatwa ikiwa njiani kuvuka mpaka.

Foleni ndefu kwa mawakala na umbali wa maduka ni kero za kweli, na namba kuitunza vizuri hakuziondoi. Hilo nalisema wazi.

Mzee alipofunga daftari aliuliza jambo la mwisho, kwa sauti ya chini: je, anaweza kumwandikisha mkewe? "Maana yeye ndiye yuko Kilosa. Mimi huwa naenda kuvuna tu."

Nikamwambia huyo ndiye aliyepaswa kuandikwa tangu mwanzo.