Kabla ya Kununua Darubini, Uliza Kipenyo

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la darubini yameongezeka, na karibu yote yanafanana: chombo ni kipya, boksi limeandikwa "mara 525", yaani hukuza mara 525, na mwenyewe haoni kitu. Wengi hudhani wameuziwa kibovu. Kwa kawaida si kibovu.

Tuchukue moja iliyoletwa mezani. Lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 60, urefu wa fokasi (kutoka lenzi hadi mahali taswira inapoundwa) milimita 700. Ndani ya boksi mna lenzi ya jicho ya milimita 4 na lenzi ya kuzidisha mara 3. Ukuzaji ni urefu wa fokasi kugawa kwa lenzi ya jicho: gawa 700 kwa 4, unapata 175. Zidisha kwa 3, ni 525. Hesabu haina kosa. Lakini kipenyo hicho hakihimili zaidi ya mara 120 hivi, takriban mara 2 kwa kila milimita, tena hewa ikiwa imetulia. Ukizidisha, unakuza ukungu. Tuliondoa vikorokoro vyote, tukaweka lenzi ya milimita 20 iliyokuwa bado ndani ya kimfuko chake: mara 35, na pete za Zohali zikaonekana. Ndogo, lakini pete.

Kipenyo kikiongezeka maradufu, mwanga unaokusanywa huongezeka mara 4. Kwa kutazama kwa jicho, tunashauri darubini inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi ya mbele, ya kipenyo cha milimita 150 hadi 200, juu ya stendi ya Dobson, ile ya chini inayozungushwa kwa mkono. Haina mbwembwe, fedha yako imeingia kwenye kioo.

Na tafadhali, nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi angani, haitakuwa nyekundu kama kwenye picha. Tumelisema hili hadi tumechoka. Jicho halipambanui rangi katika mwanga hafifu kiasi hicho. Kamera ndiyo huukusanya kwa dakika nyingi, hata saa.

Kwa mpiga picha, ushauri unageuka: nunua stendi kwanza. Anga huonekana kuzunguka nyuzi 15 kila saa, hivyo katika sekunde 30 nyota inaweza kusogea robo ya upana wa Mwezi mpevu. Inahitajika stendi yenye mota, mhimili wake ukiwa sambamba na mhimili wa Dunia, na isiyotikisika ukigusa kirekebishi cha fokasi. Darubini ndogo ya lenzi ya milimita 60 hadi 80 juu ya stendi imara humshinda jitu linaloyumba. Mwezi unapigika hata kwa simu.

Asiye na uhakika aazime kwanza. Fomu hujazwa nakala mbili, moja hubaki kwetu. Lenzi huhesabiwa mbele yako wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha. Muda ni siku 14. Ukichelewa hadi siku 7 unapewa onyo la maandishi. Zaidi ya hapo unafungiwa kuazima miezi 3. Lenzi iliyopotea hulipwa kabla ya fomu kufungwa. Picha ya fomu iliyopigwa kwa simu si fomu.

Kuhusu Jua: kichujio hufungwa mbele ya mdomo wa darubini, na darubini ndogo ya kulengea hufunikwa. Vichujio vile vidogo vya kukazwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto ghafla, jicho likiwa pale pale. Darubini ikiletwa na kichujio cha aina hiyo, tunakitoa na kukivunja mbele ya mwenyewe, kisha anatia saini.