Goti Halichuliwi

Ligi ya soka ya wanawake ikifika raundi ya tano, ya sita, kauli inakuwa ileile, kwa wazazi, kwa viongozi wa timu, hata kwenye benchi la ufundi: "Goti limeteguka tu. Likandwe maji ya moto, achuliwe, wiki mbili yuko uwanjani."

Hapana. Mchezaji akitua vibaya au akigeuka ghafla bila kuguswa na mtu, akasikia kitu kimelia "ko!" ndani ya goti, kisha goti likajaa ndani ya saa mbili, hesabu kwamba ACL, kano ya katikati ya goti inayolishika lisiteleze, imekatika mpaka vipimo viseme vingine. Uvimbe wa haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu. Unaojitokeza kesho yake mara nyingi ni maji ya goti, na hadithi yake ni nyingine. Sasa maji ya moto yanapanua mishipa, damu inazidi kumwagika. Na anayechua analikunja na kulikunjua goti ambalo halina tena kamba ya kulishika, meniskasi (gegedu inayokaa kati ya mifupa ya goti) inasagika katikati ya mifupa. Mchezaji aliyekuja na tatizo moja anaondoka na mawili.

Siku mbili tatu za mwanzo kazi ni ndogo: bandeji ya kuvutika kuanzia chini ya goti kwenda juu (vidole vikipoa au kufa ganzi, ilegeze), barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu, mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, atembee kwa magongo. Basi. Habari ya "eksrei imetoka safi" isimfurahishe mtu, kwa sababu eksrei huonyesha mfupa, kano haionekani humo. Kinachotakiwa ni MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha kano, au mikono ya mtu mzoefu anayeuvuta mguu wa chini kwenda mbele goti likiwa limekunjwa kidogo, akilinganisha na goti lisiloumia. Siku ya tukio misuli inakakamaa kwa maumivu na kuficha ukweli, kwa hiyo kipimo hicho kirudiwe baada ya siku 7 hadi 10.

Mtego wenyewe uko wiki ya nne. Uvimbe umeisha, binti anatembea vizuri, anakimbia kuzunguka uwanja, na mchuaji anapewa sifa. Lakini kukimbia mstari mnyoofu hakuhitaji ACL sana. Inahitajika pale anapokanyaga, anageuza kiwiliwili na mguu unabaki. Ndiyo maana goti "lililopona" humkimbia mchezaji dakika ya kumi ya mechi, na safari hii meniskasi inachanika vibaya.

Baada ya upasuaji wa kuweka kano mpya, miezi 9 ndiyo kiwango cha chini kabla ya kurudi uwanjani, na kalenda peke yake haitoshi. Nguvu ya paja la mbele na umbali wa kuruka kwa mguu mmoja vifike angalau asilimia 90 ya mguu usioumia. Kano mpya ni dhaifu mno katika wiki za 6 hadi 12, wakati ambapo mchezaji anajisikia mzima na anaanza kukusumbua umruhusu. Kwa lugha ya ligi: aliyekatika raundi ya kwanza msimu wake umekwisha, na kiongozi anayemhesabia mechi za mwisho anajidanganya. Arsenal ya wanawake msimu wa 2022/23 iliwapoteza kwa ACL Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither, na watatu wa kwanza wakakosa Kombe la Dunia la 2023. Mead, aliyeumia Novemba 2022, alirudi Oktoba 2023. Klabu yenye kila kitu haikupata njia ya mkato. Wewe mwenye chupa ya mafuta ya kuchulia utaipata wapi?

"Ni bahati mbaya, haizuiliki." Wanawake huumia ACL mara 2 hadi 8 zaidi ya wanaume, lakini sehemu kubwa ya ajali hizo hazina mgongano: ni kutua na kugeuka, goti likilala kwa ndani. Hilo hufundishika. Raundi tatu za uwanja na kujinyoosha hakujampasha mtu. Programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ inachukua dakika 20: mbio nyepesi dakika 8, nguvu, kuruka na mizani dakika 10, mbio za kasi dakika 2. Haihitaji zaidi ya koni na mpira. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2008, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha majeraha makubwa yakipungua kwa karibu nusu. Ila ifanywe angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima, na kocha asimame pembeni akitazama magoti. Goti likivuka kidole gumba kwenda ndani, simamisha, rudia.

"Hedhi imekata, ndiyo mazoezi yamekolea." Miezi mitatu mfululizo bila hedhi mara nyingi maana yake chakula hakitoshi kwa kazi anayofanya, na mfupa ndio unaolipa. Maumivu ya muundi yasiyoisha kwa mchezaji wa aina hii yachunguzwe kama ufa wa mfupa. Mazoezi mara mbili kwa siku hayabebwi na chai na andazi moja. Na hiyo chai isinywewe na mlo, kwa sababu inazuia madini ya chuma ambayo mwanamke tayari anayapoteza kila mwezi. Isubiri saa nzima.

"Akiwa kwenye siku zake asicheze." Acheze akijisikia vizuri. Hakuna kinachoharibika.

"Njumu ni njumu." Meno marefu ya nyasi laini kwenye uwanja mkavu au wa nyasi bandia yananasa, mguu unabaki, goti linageuka. Huko vaa meno mafupi mengi.

"Wanawake wanacheza dakika 80." Hiyo ilikuwa Kombe la Dunia la 1991, China. Tangu 1995 ni 90, mpira ni namba 5 uleule, na goli ni lilelile la mita 7.32 kwa 2.44.