Je, wajua kwa nini foleni hubaki hata gari bovu likishaondolewa?

Lori lililozima katikati ya barabara limeshavutwa, trafiki wameondoka, na wewe uliye kilomita tatu nyuma bado unasogea kwa kudonoa. Ukifika pale penyewe huoni hata kipande cha kioo.

Tuseme barabara ina njia tatu kwa upande mmoja na inaweza kupitisha magari 6,000 kwa saa, na yanayokuja ni 5,000. Njia moja ikizibwa, utadhani barabara imepungua theluthi. Sivyo. Kwa vipimo wanavyotumia wahandisi wa Marekani, uwezo unaobaki ni asilimia 49 tu, maana magari yanabanana na kuingiliana, na kila dereva anapunguza mwendo achungulie. Uchunguliaji huu si jambo dogo: hata magari yaliyogongana yakisogezwa pembeni na njia zote tatu zikawa wazi, uwezo hubaki asilimia 83.

Kwa hiyo, ndani ya nusu saa yamekuja magari 2,500 na kupita kama 1,500. Elfu moja yamelundikana. Njia ikifunguliwa, nafasi ya ziada ni ya magari 1,000 tu kwa saa, kwa sababu wengine bado wanakuja. Kizuizi cha nusu saa kimezaa saa nzima ya foleni baada ya lori kuondoka.

Ndiyo maana mipango ya kusimamia matukio ya barabarani hairidhiki na kuandika "imekwisha" mara moja tu. Saa huanza kuhesabu taarifa ya kwanza inapomfikia mhusika, si gari lilipogonga, kwani dakika hiyo mara nyingi haijulikani. Kisha kuna alama tatu tofauti: njia zote zimefunguliwa, mhudumu wa mwisho ameondoka, mwendo umerudi kawaida. Tukio la chini ya nusu saa huhesabiwa dogo. Likizidi saa mbili ni kubwa.

Mimi ningeitazama zaidi sehemu nyingine ya fomu ya kuandikia tukio, ile inayouliza kama ajali hii imetokana na ajali iliyotangulia. Hapo huingia aliyegonga mkia wa foleni, na hata aliyekuwa upande wa pili wa barabara akishangaa. Huku kwetu dereva huweka matawi ya miti hatua kadhaa nyuma ya lori lake, na anafanya vyema. Lakini mkia wa foleni hauko kwenye matawi; kila dakika unarudi nyuma, pengine hadi kwenye kona ambako anayekuja kwa kasi hatarajii kitu.

Jimbo la Georgia, Marekani, limeamua kuzinunua dakika hizo: kampuni ya kuvuta malori iliyo kwenye mpango wake hulipwa bonasi ikifungua barabara ndani ya dakika 90 tangu iruhusiwe kuanza kazi.