"Ni Moja Tu kwa Siku, Daktari": Soda na Meno, Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wiki hii nimeisikia mara nne. Ya mwisho ilitoka kwa dada mmoja aliyekuja kwa sababu meno yake ya mbele yanapata ganzi kila akinywa maji baridi. Nilipomuuliza kama anakunywa soda, alijibu upesi: "Ni moja tu kwa siku, daktari." Chupa yenyewe ilikuwa inachungulia kwenye mkoba wake, imebaki theluthi. Nikamuuliza ameifungua saa ngapi. "Asubuhi, nilipofika kazini." Saa hiyo ilikuwa tisa alasiri.

Jino halihesabu chupa. Linahesabu mara ngapi limeloweshwa asidi na limepewa muda gani wa kupumzika. Nasema hivi kila siku na bado naona mgonjwa akinitazama kana kwamba namtoza kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu kichwani mwake moja ni kidogo, na kidogo hakidhuru.

Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini pale pH ya mdomoni (kipimo cha asidi; namba ikishuka, ukali unapanda) inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Soda za kola zina pH ya karibu 2.5. Kila namba moja unayoshuka kwenye kipimo hicho ni ukali mara kumi, kwa hiyo namba tatu ni mara elfu moja. Hiyo ni asidi ya chupani. Kuna na ya pili: bakteria wanaoishi kwenye ukoga wa meno, hasa Streptococcus mutans, wanaichukua ile sukari na kuigeuza asidi yao wenyewe, hapohapo juu ya jino. Nusu lita ya kola ya kawaida ina sukari gramu 53 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 50. Ile "moja tu" imeshavuka mpaka kabla hujatia sukari kwenye chai.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni yale masaa. Mate yana uwezo mkubwa wa kuokoa meno: yanapunguza ukali wa asidi, na yana kalsiamu na fosfati za kurudisha sehemu ya madini yaliyotoka. Yanachohitaji ni muda. Robert Stephan, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba sukari ikifika kwenye ukoga, pH hushuka ndani ya dakika chache tu, kisha huchukua nusu saa hadi saa nzima kupanda tena. Sasa chukua watu wawili wenye chupa zinazofanana. Mmoja anainywa na chakula cha mchana, dakika kumi na tano imekwisha. Mate yanafanya kazi yao na jioni meno yake yamekuwa salama kwa masaa mengi. Mwingine anapiga funda moja kila baada ya dakika ishirini, tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Kila mate yanapokaribia kushinda, funda jingine linafika. Masaa sita meno hayajapumzika hata mara moja. Sukari ni ileile, chupa ni ileile, na huyu wa pili ndiye ninayemziba magego matatu.

Hili halijagunduliwa jana. Utafiti wa Vipeholm huko Uswidi, uliochapishwa mwaka 1954, ulionyesha kwamba sukari inayoliwa pamoja na mlo haiozeshi meno kama ile inayoliwa kati ya milo, hasa ikiwa inanata. Ulifanywa kwa watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wamewekwa katika taasisi, bila ridhaa yao, na meno yao yaliozeshwa kwa makusudi. Jambo lile lilikuwa ovu. Ndiyo maana inaniuma kuona somo lililopatikana kwa gharama ile likiachwa lipite hivihivi.

Kwa hiyo ushauri wangu haubadiliki: kama ni lazima unywe, kunywa wakati wa chakula, imalize, kisha uache mdomo upumzike. Usitembee na chupa. Usiiweke mezani pembeni ya kazi. Mrija unasaidia kidogo ukifika nyuma ya meno ya mbele, lakini ukinyonya kwa masaa sita hautakuokoa. Na soda ya kitandani ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu usingizini mate hupungua mno na meno hubaki bila mlinzi hadi asubuhi.

"Mimi nakunywa ile isiyo na sukari." Hawa huja wakiwa na uhakika, na nusu yake wanayo: bakteria hawapati chakula, kwa hiyo kuoza kunapungua. Ila asidi ya fosforiki au ya sitriki bado imo, kwa ukali unaokaribiana na ule wa soda ya sukari. Hiyo haihitaji bakteria. Inayeyusha enameli moja kwa moja, na huo ndio tunaouita mmomonyoko. Nimeshaona gego nililoliziba miaka kadhaa nyuma, kijazo kimesimama juu kama kisiwa, kwa sababu jino linalokizunguka limeliwa na kushuka. Kijazo hakikukua, ni jino lililoondoka. Kwenye meno ya mbele utaona ncha zimekuwa nyembamba hadi mwanga unapita, uso umelainika na kung'aa kupita kiasi, na rangi imeanza kuwa ya njano kwa sababu dentini, tabaka la njano lililo chini ya enameli, inaonekana. Wengi huja wakitaka niwang'arishie meno. Nawaambia wazi kwamba ile njano si uchafu.

Wapo wanaolaumu gesi, hata wanaiacha chupa wazi mpaka mapovu yaishe. Gesi ikishayeyuka kwenye maji hutoa asidi dhaifu tu. Maji yenye gesi yasiyotiwa sukari wala ladha ya ndimu hayanisumbui. Soda iliyopoa mapovu bado ina sukari yote na karibu asidi yote.

"Si meno ya utoto tu? Yatang'oka." Mzazi anayesema hivi huwa amembeba mtoto asiyelala kwa maumivu. Magego ya utoto hukaa hadi mtoto anapofikia miaka 10 hadi 12. Enameli yake ni nyembamba kuliko ya meno ya ukubwani, kwa hiyo tundu hufika kwenye neva haraka, na usaha kwenye mzizi unaweza kuliharibu jino la kudumu linalojiunda chini yake. Likitolewa mapema mno, ya jirani husogea na kufunga njia, na jino la kudumu huota limepinda. Usitie soda kwenye chupa ya kunyonya. Hata mara moja.

Wengine wananiuliza ni dawa gani ya meno itakayoirudisha enameli iliyokwisha. Hakuna. Enameli haina chembe hai, na iliyoondoka haioti tena. Floraidi, madini yanayotiwa kwenye dawa nyingi za meno, inaweza kuliimarisha eneo lililoanza kulainika likiwa bado halijatoboka, na enameli iliyopata floraidi huistahimili asidi vizuri zaidi, ndiyo maana naisisitiza sana. Lakini kujenga upya kilichomomonyoka ni kazi ya vijazo au vifuniko vya jino.

Na mwisho, wale wenye bidii wanaokimbilia mswaki mara tu baada ya soda. Nia yao ni njema kabisa, inanisikitisha kuwazuia. Lakini enameli iliyotoka kuloweshwa asidi ni laini, na nywele za mswaki huikwangua. Suuza mdomo kwa maji ya kawaida, au tafuna chingamu isiyo na sukari ili mate yatiririke, na subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo upige mswaki, taratibu, kwa mswaki laini na dawa yenye floraidi. Ukimaliza, tema povu na usisuuze kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno.