Utandawazi wa fedha na hatari zake: funzo liko ng'ambo ya Tunduma

Utandawazi wa fedha ni hali ya mitaji kuvuka mipaka ya nchi bila vizuizi vingi. Mfuko wa pensheni wa Ulaya unanunua hatifungani ya serikali ya Afrika, yaani hati ya kuikopesha serikali hiyo kwa riba, benki ya London inaikopesha kampuni ya Dar es Salaam, mtu aliyeko New York ananunua hisa za Nairobi leo na kuziuza kesho. Ni tofauti na utandawazi wa biashara. Kahawa ya Mbozi ikipanda meli kwenda Ujerumani, hiyo ni bidhaa inasafiri. Hapa inayosafiri ni fedha yenyewe, ikitafuta penye riba nono.

Fedha hizo si za aina moja. Zipo zinazokuja kukaa, kama zile zilizojenga viwanda vya chai Mufindi. Mwenye kiwanda akichoka hawezi kung'oa michai na kuondoka nayo. Lazima atafute mnunuzi, na hilo huchukua muda. Zipo nyingine zinazonunua hisa na hatifungani tu, na hizo huondoka kwa kubonyeza kitufe. Hatari ninayoieleza hapa inatokana zaidi na hizi za pili, pamoja na mikopo ya dola.

Mkulima wa viazi wa Isyonje ataelewa haraka. Wanunuzi wa Dar wanafika na mafuso mengi, bei inapanda, watu wanaongeza ekari na kukopa mbolea. Msimu unaofuata mafuso yamekwenda Njombe. Viazi ni vilevile, shamba ni lilelile, na deni la mbolea liko palepale.

Zambia imeyapitia haya kwa kiwango cha taifa, nasi wa Mbeya na Songwe tulikuwa karibu kabisa. Mwaka 2012 serikali yake iliuza hatifungani ya dola milioni 750 kwenye masoko ya kimataifa, kwa riba ya asilimia 5.375. Wakati huo riba za Marekani zilikuwa karibu na sifuri, kwa hiyo wenye fedha walikimbilia popote palipotoa zaidi. Mwaka 2014 ikauza nyingine ya dola bilioni 1, na mwaka 2015 ya dola bilioni 1.25. Tazama riba ilivyokuwa: ile ya 2014 ilikuwa asilimia 8.5, na ya 2015 ikakaribia asilimia 9. Bei ya shaba, ambayo ndiyo inayoiletea Zambia dola, ilikuwa imeanza kushuka, na waliokuwa wakigombania kuikopesha sasa walitaka malipo makubwa zaidi.

Sehemu inayoumiza kuliko zote ni sarafu. Mwanzoni mwa 2013 dola moja ilikuwa kama kwacha 5. Mwishoni mwa 2020 ilikuwa imepita kwacha 20. Kwa hiyo deni lile la kwanza la dola milioni 750, lililokuwa sawa na kwacha bilioni 3.75 hivi, liligeuka kuwa zaidi ya kwacha bilioni 15 bila kuongezwa hata senti moja. Serikali hukusanya kodi kwa kwacha lakini deni hulipwa kwa dola. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba, na makubaliano na wenye hatifungani hizo yalikamilika mwaka 2024 tu.

Serikali ya Lusaka ilikuwa na makosa yake, na ni haki kuyataja: ilikopa kwa kasi kuliko uchumi ulivyoweza kubeba. Lakini uzito haukuishia kwa waliosaini. Kwacha ikianguka, mnunuzi wa Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, anayevuka kuchukua mchele wa Kyela au Mbarali anajikuta fedha yake inatosha magunia machache kuliko jana. Muuzaji wa Tunduma naye anaumia, ingawa hakukopa popote.

Kuna hatari nyingine ambayo naiona si ya haki hata kidogo: nchi inaweza kuadhibiwa kwa jambo lililotokea kwingine. Julai 1997 Thailand iliacha kuilinda sarafu yake, baht. Ndani ya miezi michache wawekezaji walikuwa wanakimbia pia Indonesia, Malaysia na Korea Kusini. Septemba 1998 Malaysia iliamua kuzuia mitaji kutoka ovyo na kufunga bei ya sarafu yake, ringgit, kwenye 3.80 kwa dola. Ililaumiwa sana wakati ule, lakini uchumi wake uliinuka. Na kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Ilikuwa inapambana na mfumuko wa bei wa kwao, lakini dola zilirudi nyumbani na nchi nyingi za Afrika zikabaki na uhaba.

Tanzania ilikuwemo. Shilingi ilitoka kama 2,300 kwa dola hadi kupita 2,700 mwaka 2024. Mfanyabiashara aliyekopa dola 1,000 kuleta vipuri alijikuta akihitaji shilingi 400,000 zaidi, kabla hajahesabu riba. Aprili mwaka huohuo, shilingi ikiwa bado inasukumwa chini, Benki Kuu yetu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6. Hiyo nayo ni gharama: sarafu ikiyumba, nchi haibaki huru kushusha riba kwa ajili ya wakopaji wake.

Hata hivyo hatukuanguka kama Zambia, na naamini sababu moja ni kwamba Tanzania imefungua mlango wa mitaji polepole. Hatifungani zetu za ndani zilifunguliwa kwa wakazi wa Afrika Mashariki mwaka 2014, si kwa dunia nzima kwa mkupuo. Wanaosema mwendo huu unatukosesha mitaji wana hoja, maana barabara na umeme vinahitaji fedha nyingi. Mimi bado napendelea mlango ufunguliwe kwa kadiri tunavyoweza kuuza nje chai, kahawa, parachichi na dhahabu, kwa kuwa dola za kulipia madeni zinatoka huko.

Anayetaka kufuatilia aangalie tarakimu mbili katika taarifa za kila mwezi za Benki Kuu. Ya kwanza ni akiba ya fedha za kigeni: nchi imejiwekea kiwango cha kutosha kuagiza bidhaa na huduma kwa miezi 4 angalau. Ya pili ni sehemu ya deni la nje iliyo katika dola, ambayo kwetu imekuwa karibu theluthi mbili.